Alama Iliyofichwa

Tarehe 16 Desemba 1994 kamati ya kupandisha vyeo ya utumishi wa uhandisi wa barabara za mipakani, nchini India, ilikaa kuwapima wahandisi waliostahiki cheo cha mhandisi msimamizi, na miongoni mwa majina yaliyostahiki kufika mbele yake lilikuwamo la Dev Dutt, mtu aliyekuwa katika cheo chake tangu Februari 1988 na ambaye alikwisha kutimiza miaka mitano iliyotakiwa na kanuni za kazi yake. Mwongozo wa serikali ulidai pia kwamba mgombea wa cheo hicho awe na daraja la "Vyema Sana" katika taarifa za utendaji za miaka mitano iliyotangulia. Yeye kwa mwaka wa 1993 hadi 1994 alikuwa ameandikiwa "Vyema", na kwa upungufu huo wa neno moja jina lake likawekwa kando, wenziwe wakapanda, naye akabaki mahali alipokuwa.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mkubwa aliyeandika daraja hilo hakumwonyesha, masjala haikumpelekea nakala, na mwenyewe alikwenda kazini mwaka ule wote akiwa hana habari kwamba sahifa moja katika jalada lake imekwisha kumfungia mlango. Alipolalamika, jawabu la serikali lilikuwa jepesi, na insafu inatulazimu kulitaja kwa ukamilifu wake: taarifa ambayo kwa desturi hupelekewa mtumishi ni ile iliyo mbaya, ili apate kujitetea, "Vyema" si neno la lawama, basi idara haikuwa na wajibu wa kumjulisha mtu jambo jema lililosemwa juu yake. Mahakama Kuu ya Gauhati iliikubali hoja hiyo, kwanza mbele ya jaji mmoja, na tena Novemba 2001 mbele ya jopo la rufaa la mahakama hiyohiyo. Ndipo shauri likafika Mahakama ya Juu ya India, na hukumu ikatolewa Mei 2008, wakati mlalamikaji alikwisha kustaafu.

Jaji Markandey Katju, aliyeiandika hukumu hiyo, aliigeuza hoja ya serikali kwa kuitazama athari mahali pa jina. Ikiwa kamati haimfikirii mtu asiye na "Vyema Sana", basi kwa mtu huyo na kwa kamati hiyo "Vyema" imekuwa mbaya, hata kama ingeandikwa kwa wino wa dhahabu. Na kinachomdhuru mtumishi katika riziki na heshima yake hakiwezi kufanywa kwa siri pasipo kuvunja usawa ambao Katiba ya India, kwa ibara yake ya 14, imewaahidia watu wote mbele ya sheria. Mahakama haikuishia hapo. Ilisema kila daraja, likiwa baya, la wastani, jema au bora kabisa, limfikie mwenyewe katika muda wa kiasi, iwe kuna kiwango kilichowekwa cha kupandia cheo au hakuna, na kwamba jambo hilo liwahusu watumishi wa serikali, wa mahakama, wa polisi na wa mashirika ya dola, wanajeshi peke yao wakiachwa nje.

Nimelichagua shauri hili kwa sababu malalamiko mengi ya watumishi wa umma juu ya vyeo, kwetu na kwingineko, hayatokani na mkubwa dhalimu anayemtukana mtu waziwazi katika fomu. Mkubwa wa namna hiyo ni haba, na kumshinda si kazi kubwa, maana chuki iliyoandikwa hujitolea ushahidi wenyewe. Linalowaumiza watu ni daraja la katikati, lililoandikwa kwa haraka mwisho wa mwaka, pasipo sababu na pasipo nia mbaya, ambalo likikaa katika jalada miaka miwili mitatu hupata nguvu ambayo mwandishi wake hakuikusudia. Aliyeliandika huenda alikwisha kuhamishwa. Aliyeandikiwa hakumbuki hata kama kulikuwa na mazungumzo. Na kamati inayokaa mbali, isiyomjua yeyote kati yao, hulisoma kana kwamba ni kipimo cha mizani.

Mahakama ilimpa Dev Dutt nini basi? Hapa ndipo wasomaji wengi wa hukumu hii hupita upesi, nami naona ndipo penye elimu kubwa kuliko pote. Haikumpandisha cheo. Iliamuru ajulishwe daraja lake la mwaka ule katika muda wa miezi miwili; akiona halikustahili, apinge kwa maandishi katika miezi miwili mingine; pingamizi lake liamuliwe katika miezi miwili tena, na mwenye kuliamua awe na mamlaka ya juu kuliko yule aliyeliandika daraja; na kama daraja litapandishwa, ndipo kamati ikae katika miezi mitatu kumfikiria kwa cheo cha tangu wakati ule, na akifaulu alipwe pensheni iliyozidi pamoja na malimbikizo ya mshahara, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka.

Watumishi waliodhulumiwa aghalabu huenda kwa wakili, au kwa chama chao, au katika tume ya utumishi, wakiwa na ombi moja tu, kwamba wapewe cheo. Na ombi hilo hukataliwa, wao wakadhani kwamba dhuluma yao imekataliwa, ilhali kilichokataliwa ni njia waliyoifuata. Hakimu hajui kujenga barabara ya mlimani, wala hajui kama mkaguzi fulani wa hesabu alifanya kazi yake kwa ukamilifu au kwa nusu. Akianza kutoa alama atakuwa ameinyang'anya idara kazi yake na kuifanya kwa maarifa madogo zaidi. Lakini anajua sana kama mtu alionyeshwa alichoandikiwa, kama alipewa nafasi ya kusema, kama aliyesikiliza pingamizi alikuwa ni mtu mwingine au ni yuleyule aliyeandika, na kama sababu ziliwekwa katika karatasi. Mtumishi mwenye busara hudai mambo hayo, maana ndiyo anayoweza kupewa. Na daraja likisharudishwa kupimwa kwa haki, mara nyingi cheo hufuata njia yake chenyewe.

Sharti la kwamba mwamuzi awe ni mkubwa zaidi kuliko mwandishi lastahili kutazamwa peke yake. Mwanadamu aliyekwisha kuandika rai yake na kuitia sahihi huona kuibadili ni kukiri udhaifu, hasa mbele ya mtu wa chini yake. Kwa hiyo pingamizi linalorudi mezani pake hujibiwa kwa mistari miwili, na mistari hiyo miwili husema kwamba suala limeangaliwa tena na hakuna jipya. Nimesoma majibu ya namna hiyo katika majalada mengi, nayo hufanana hata katika mpangilio wa maneno. Rufaa inayoamuliwa na aliyekatiwa rufaa haina maana yoyote, na idara yenye utaratibu wa namna hiyo ijihesabu kuwa haina utaratibu.

Siri hii haikuzaliwa India. Ni mirathi ya utawala wa Kiingereza, ambao katika makoloni yake ulimtaka kila mkuu wa idara aandike taarifa ya siri juu ya walio chini yake na kuipeleka makao makuu, mwandikiwa akijua kwamba ipo lakini asijue imesema nini. Serikali zilizopata uhuru, Asia na Afrika, zilirithi fomu pamoja na makabati yake. Yapo waliyoyasema watu wenye akili katika kuitetea, nayo si ya kupuuzwa: kwamba mkubwa ataandika kweli iwapo hatasomwa na anayemwandika, na kwamba kweli hiyo ni ya lazima ili watu wasiofaa wasipande mpaka mahali watakapoidhuru nchi. Hatari wanayoitaja ipo hasa. Alama zikisha kuwa wazi, mkubwa anayeogopa ugomvi humpa kila mtu alama ya juu. Kisha kamati, ikiona wote ni bora, huinua kiwango. Na hapo anayeumia ni mtumishi wa mkubwa mkweli, yule aliyeandika "Vyema" kwa sababu kazi ilikuwa vyema. Sina shaka kwamba wako wengi waliopotewa na vyeo kwa ukweli wa wakubwa wao.

Illa dawa ya ugonjwa huo si kurudisha kufuli. Dawa ni kumlazimisha mwandishi ataje sababu. Alama ya juu isiyo na maelezo haina thamani zaidi ya alama ya chini isiyo na maelezo, na kamati yenye bidii ingezitilia shaka zote mbili sawasawa. Hata kabla ya Dev Dutt, katika shauri la mwaka 1996 lililohusu shirika la maji la jimbo la Uttar Pradesh, Mahakama hiyohiyo ilikwisha kusema kwamba mtumishi anaposhuka kutoka daraja la juu sana hadi la chini yake, lazima sababu za kushuka ziandikwe katika jalada lake naye ajulishwe, hata kama daraja jipya kwa jina lake si baya. Mtu aliyekuwa hodari mwaka jana hawi wa kawaida mwaka huu pasipo jambo kutokea, na jambo hilo, likiwa ni ugonjwa, uvivu, uhamisho au ugomvi na mkubwa mpya, linaweza kuandikwa na mtu yeyote ajuaye kuandika.

Tanzania iliuacha utaratibu wa siri mwaka 2004, ilipoleta mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, ambao watumishi waliuzoea kwa jina la OPRAS. Naipenda fomu ile kuliko ilivyopendwa na walioijaza. Mwaka wa fedha ulipoanza, Julai, msimamizi na mtumishi walikaa pamoja na kuandika malengo, shabaha za utekelezaji, vigezo vya kupimia, na katika safu ya mwisho rasilimali zilizokubaliwa. Wote wawili walitia sahihi. Desemba yalifanywa mapitio ya nusu mwaka. Juni ilitolewa tathmini, kila mmoja akijaza alama yake mbele ya mwenziwe, kuanzia 1 iliyo ya juu kabisa mpaka 5 iliyo ya chini kabisa, kisha wakaafikiana alama moja. Na mwisho iliachwa nafasi ya maoni ya mtumishi, ya msimamizi, na ya mtu wa tatu akiwapo. Kwa mtu anayejua kusoma hati, hiyo ilikuwa hati ya makubaliano, yenye uzito kuliko ahadi yoyote ya mdomo.

Tuchukue mfano wa afisa ugani wa wakati huo aliyepangiwa kuvitembelea vijiji kumi na viwili katika kila robo ya mwaka, na katika safu ya rasilimali pakaandikwa pikipiki moja na mafuta yake. Pikipiki ikaharibika Septemba, haikutengenezwa; akavifikia vijiji vitano kwa miguu na kwa magari ya watu; Juni akapewa 4. Akienda kulalamika kwamba mkubwa hampendi, amepotea. Mkubwa atasema anampenda, na nani atampinga? Bali akiifungua fomu yake katika sahifa ya malengo, akaonyesha safu ya mwisho ilivyojazwa, akaambatisha barua yake ya Septemba yenye mhuri wa masjala inayoomba pikipiki itengenezwe, na akaonyesha kwamba sehemu ya mapitio ya Desemba iko tupu, hana haja ya kusema neno juu ya mapenzi. Aliyeahidi nyenzo asizitoe, na aliyepaswa kurekebisha malengo nusu ya mwaka asiyarekebishe, hana msingi wa kumhukumu mwenziwe mwisho wa mwaka.

Sehemu hiyo ya Desemba ndiyo iliyouvunja mfumo. Nimeona fomu ambazo malengo ya Julai, mapitio ya Desemba na tathmini ya Juni yamejazwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja usiobadilika mkazo, siku ambayo afisa utumishi alitangaza kwamba hakuna atakayepandishwa daraja pasipo fomu. Mtumishi alitia sahihi mahali pote alipoonyeshwa, kwa furaha, kwa kuwa alama ilikuwa nzuri. Hakutambua kwamba alikuwa anaifundisha idara yake kuwa tarehe hazina maana. Na mwaka uliofuata, alipokuja mkubwa mwingine akamwandikia alama ya chini kwa namna ileile, hakuwa tena na kauli ya kusema kwamba utaratibu umevunjwa. Tangu mwaka wa fedha wa 2023/24 tathmini imehamia katika mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS, na moja ya faida zake ni kwamba kompyuta huweka kumbukumbu ya siku na saa ya kila kilichoingizwa. Lakini mfumo wowote hujua tu kile ulichoambiwa, na mtumishi anayeacha kuingiza kazi zake mpaka mwisho wa mwaka atakuwa ameyarudisha mazoea ya kale katika chombo kipya.

Kwa upande wa rufaa, Tanzania imeweka mlango wake katika Sheria ya Utumishi wa Umma, na marekebisho ya mwaka 2016 yamemtaka mtumishi azimalize kwanza njia zilizomo katika sheria hiyo kabla ya kuzifuata zile za sheria za kazi. Wako wanaoliona sharti hili kuwa ni kizuizi. Rai yangu ni kwamba linafaa, kwa sharti moja: ngazi za ndani zifanye kazi kwa wakati na zitoe majibu yenye sababu. Zikikawia, kumlazimisha mtu azipitie ni kumlazimisha azeeke njiani.

Kenya imekwenda mbali zaidi katika maandishi. Katiba yake ya 2010 inasema katika ibara ya 232 kwamba ushindani wa haki na ustahiki, kwa kuzingatia masharti yaliyotajwa humo, viwe msingi wa kuajiri na kupandisha vyeo. Katika ibara ya 47, kwamba mtu ambaye haki yake imeathirika, au yaelekea kuathirika, kwa tendo la kiutawala apewe sababu kwa maandishi, na sheria ya mwaka 2015 imeieleza haki hiyo kwa upana. Lakini kuna kifungu ambacho sikioni kikitumiwa na watumishi kadiri inavyostahili, nacho ni cha pili cha ibara ya 35, kinachompa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au zenye kupotosha zinazomwathiri. Mtumishi aliyeandikwa kuwa hakuhudhuria kazini siku ambazo alikuwa kozini kwa barua ya idara yenyewe hana haja ya kugombana juu ya alama. Aombe habari ya uongo ifutwe, na alama iliyojengwa juu yake itaanguka yenyewe.

Kuna jambo la tabia ambalo siwezi kuliacha. Mtumishi wa pwani na wa bara, katika malezi yetu, hufundishwa kumstahi mkubwa, na kumpinga kwa maandishi huonekana ni utovu wa adabu. Kwa hiyo hupendelea kumfuata ofisini jioni, au kumtumia mzee wanayeheshimiana, akamwomba kwa upole amfikirie mwakani. Sidharau upole huo, nao umewasuluhisha wengi. Lakini ombi la mdomo halisimamishi siku za rufaa, wala halionekani katika jalada mkubwa huyo atakapohamishwa. Inawezekana kabisa kuandika, "Mheshimiwa, kwa heshima zote naomba alama niliyopewa katika lengo la tatu iangaliwe upya kwa sababu zifuatazo," na heshima isipungue hata kidogo. Ghadhabu ndiyo inayoharibu barua hizi: sahifa tatu za historia ya chuki, na nusu sahifa tu juu ya kazi. Mwamuzi husoma zile tatu na kuchoka kabla ya kuifikia ile nusu.

India, baada ya hukumu ya 2008, haikungoja watumishi wote waende mahakamani. Mei 2009 idara yake ya utumishi ilitoa waraka kwamba taarifa nzima ya kila mwaka, kuanzia ya 2008 hadi 2009, ipelekwe kwa mwenyewe pamoja na daraja la jumla na rai juu ya uaminifu wake, naye awe na siku 15 za kupinga. Hukumu nyingine za Mahakama hiyohiyo zilikuwa zimefuata njia tofauti, na wasiwasi huo ukaondolewa Aprili 2013 na jopo la majaji watatu katika shauri la Sukhdev Singh, lililothibitisha kwamba rai ya Dev Dutt ndiyo sahihi. Na kwa majalada ya kale, ambayo siri ilikwisha kuyafanyia kazi yake, ulitoka waraka mwingine mwaka 2010: pale ambapo daraja la miaka ya nyuma lisilopata kuonyeshwa liko chini ya kiwango cha cheo kinachotafutwa, mtumishi apewe nakala kwanza, apinge akitaka, na pingamizi liamuliwe, ndipo kamati ikae.

Waraka huo wa mwisho ndio ningependa kuuona katika nchi zetu, maana fomu za wazi tunazo na sheria tunazo, bali kamati zetu bado hupokea majalada jinsi yalivyo. Kamati ya kupandisha vyeo ikifungua jalada ikakuta tathmini isiyo na sahihi ya mtumishi kuwa ameiona, au yenye alama ya chini isiyo na neno la sababu, au yenye pingamizi ambalo halikupata jibu, iirudishe idarani siku hiyohiyo, imwekee mtumishi nafasi yake katika orodha, na mwaka huo usihesabiwe dhidi yake mpaka idara itakapoikamilisha.